Itandaze Ramani Chini, Mwanangu

Mwanangu mwalimu, nimechoka kulisema hili, lakini nitalisema tena, taratibu: iteremshe ramani ukutani. Mtoto aliyezoea kuiona imening'inia hudhani kaskazini ni juu darini. Ukimtoa nje ukamuuliza kaskazini iko wapi, anatazama mawinguni. Si mjinga, ndivyo alivyofundishwa. Al-Idrisi alipomchorea mfalme wa Sisilia ramani ya dunia mwaka 1154, kusini ndiyo aliyoiweka juu, na ramani ikasomeka.

Watoe uani. Itandaze chini, weka dira juu yake, izungushe mpaka kaskazini ya ramani ielekee inakoelekea sindano. Usiifanye kazi hiyo karibu na nguzo ya chuma wala simu, sindano itavutwa. Shule haina dira? Usikate tamaa. Hapa Dar es Salaam Makka iko karibu kaskazini kabisa kwetu, basi mtoto anayejua kibla ya msikiti wa mtaani ameshaijua kaskazini. Wala usiwakaririshe kwamba jua la adhuhuri huwa kusini; hayo ni ya Ulaya. Kwetu mwezi Juni liko kaskazini, na Desemba ndipo huwa kusini.

Hapo sasa uwape namba, si kabla. Chukua ramani ya 1:50,000, maana kila mraba wake ni kilomita moja kwa kilomita moja, na kilomita mtoto anaijua kwa miguu yake. Asome kwanza mistari iliyosimama, akienda mashariki. Kisha iliyolala, akipanda kaskazini. Akigeuza, usimchape, wala usimtie mkasi mwekundu ukaenda zako. Kaa naye. Aliyetafuta 3742 akaandika 4237 amekwenda kilomita 5 mashariki na 5 kusini. Mwoneshe kwa kidole alikotua, pengine katikati ya bwawa, kilomita 7 kutoka zahanati aliyokuwa akiitafuta. Mpe muda alitazame kosa lake.

Namba sita zitafuata, mraba ukishagawanywa mara 10 kila upande, kila sehemu mita 100. Najua mtihani uko mlangoni na mkuu anataka mada iishe. Hata hivyo msubiri yule wa nyuma asiyesema. Akishaweza kuitazama ramani, kisha akanyoosha mkono kuelekea mto ulipo, endelea na somo.