Swali la Mzee Kalashnikov

Januari 2014, wiki chache baada ya kufariki Mikhail Kalashnikov akiwa na umri wa miaka 94, gazeti la Izvestia la Urusi lilichapisha barua aliyompelekea Patriaki Kirill, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la nchi hiyo. Mzee yule aliuliza iwapo yeye, muumini, anabeba dhambi ya roho zilizotolewa na bunduki aliyoiunda, hata zikiwa roho za maadui. Alikiri kwamba maumivu ya nafsi yamemzidi.

Mwaka 2007 jawabu lake lilikuwa jingine: analala vizuri, na wa kulaumiwa ni wanasiasa. Hilo si la kupuuzwa. Mwaka 1941 alikuwa askari wa vifaru, akajeruhiwa karibu na Bryansk, na hospitalini ndiko alikoanza kuchora silaha. Nchi yake ilikuwa imevamiwa. Askari wengi walipigana kwa bunduki ya Mosin, ya asili ya mwaka 1891, yenye risasi 5, ambayo kila ikifyatuliwa sharti mkono uvute komeo upya. Nani angemwambia kijana yule aweke kalamu chini?

Lakini natuitazame kazi yenyewe. AK-47, iliyopokewa rasmi na jeshi la Kisovieti mwaka 1949, hutumia risasi fupi, hubeba 30 kwa pamoja, na huweza kufyatua mfululizo. Vyuma vyake vya ndani havikubanana, kwa hivyo tope na mchanga haviikwamishi upesi. Asiyejua kusoma huweza kufundishwa kuifungua na kuifunga kwa muda mchache. Fundi alimhurumia askari wa kawaida, na huruma hiyohiyo ndiyo iliyoipeleka bunduki mbali na askari. Kwani chombo kisichohitaji mafunzo marefu hakimchagui mtumiaji, na hata mtoto hukiweza. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye uzito wa swali. Kilichoua si kasoro ya kazi yake bali uzuri wake.

Waama, hakuigawa yeye. Dola iliwapa marafiki zake, viwanda vya nchi nyingi vikaiunda, hata leo hukisiwa kuwa baina ya milioni 70 na 100. Bendera ya Msumbiji ya mwaka 1983 inaibeba kwa fahari ya ukombozi. Magazeti ya Tanzania huiita SMG, aghlabu katika habari za ujambazi. Ni bunduki ileile.

Msemaji wa Patriaki alieleza kwamba silaha ikilinda nchi, Kanisa huwaunga mkono waundaji wake na askari wanaoitumia. Jawabu hilo linamtosha majeruhi wa Bryansk. Mzee mwenye barua halimtoshi, na naona lilitoka upesi mno.

Simwiti mwuaji. Hata hivyo, malenga aliyetunga beti za harusi kisha akazisikia zikiimbwa kumfedhehesha bibi harusi wa watu, hushtuka, ingawa hapana kadhi atakayemwita. Anajua zimebebeka kwa kuwa alizitunga vyema. Mshtuko huo si hatia, wala si upuuzi.

Mwaka 2002, akiwa Ujerumani, Kalashnikov alisema angependelea kubuni mashine ya kuwafaa wakulima. Akatoa mfano: ya kukatia majani.