Mkinyimwa Kibali, Msijinyime Ndoa

Wapendwa wenye ndoa, pengine mke ana kibali cha kudumu Uingereza, na mume yuko Kenya. Mmeomba mume amfuate; mmekataliwa. Sababu ni mshahara: mwaka 2012 serikali ya huko iliweka kima cha pauni 18,600 kwa mwaka, na Aprili 2024 ikakipandisha hadi pauni 29,000 kwa waombaji wapya.

Hapo rafiki hunong'ona: ghushini hati ya mshahara, au mpeane talaka ya karatasi tu, mume aoe kwa jina mwenye kipato kikubwa. Je, ni kosa kudanganya ili kuokoa ndoa?

Haja yenu ni halali. Mume na mke wapaswa kukaa pamoja. Lakini mkiwa mbali, mtaji wenu ni uaminifu peke yake. Aliyemwona mwenzake akitia sahihi uongo bila kutetemeka, ataliaminije neno lake la simu usiku?

Aliyeomba akiwa nje ya Uingereza kwa kawaida ana siku 28 za kukata rufaa. Msizimalize mkilaumiana. Isomeni barua pamoja, mstari kwa mstari, kisha msali. Mmenyimwa kibali, ndoa bado mnayo. Itunzeni.