Ukweli wa Picha za Nyota

Mbinguni hamna nge, wala mwindaji, wala msalaba. Mna nyota tu. Picha ni zetu, na majina ni yetu. Je, mtu asemaye kuwa ameona nge kati ya nyota amesema kweli au uongo? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna kubwa zaidi: jambo lililobuniwa na mwanadamu laweza kuwa kweli?

Nilipokuwa mtoto, mzee mmoja wa jamaa yetu alinionyesha Kilimia, fungu la nyota ndogo zilizosongamana. Aliniambia kuwa jina hilo latokana na kulima, na kuwa mkulima hulitazama apate kujua majira. Baadaye nilisoma kitabuni kwamba nyota hizo ni mabinti saba wa Atlas, wakifuatwa na mwindaji Orion. Tangu siku hiyo nilikionea haya Kilimia. Nilidhani neno la mzee ni ujinga, na neno la kitabu ni elimu. Miaka ilipita kabla sijatambua kuwa habari ya mabinti nayo ni hadithi, na kuwa Wayunani wenyewe walijua majira ya kulima na kuvuna kwa nyota zizo hizo. Mshairi wao Hesiod alilieleza jambo hilo yapata miaka 2,700 iliyopita. Wazulu na Waxhosa nao huziita isiLimela, jina la mzizi mmoja na letu.

Tuutazame Msalaba wa Kusini. Nyota ya kichwani iko mbali nasi kwa miaka ya nuru 88 hivi. Ya mguuni, kwa yapata 320. Hazikupata kuwa jirani; macho yetu ndiyo yaliyozikutanisha. Wayunani wa kale walizihesabu katika miguu ya Centaurus, kiumbe nusu mtu na nusu farasi. Mabaharia wa Ulaya wa karne ya 16 waliona msalaba. Wasotho na Watswana waliona twiga. Ni nani aliyekosea? Hakuna. Kila mmoja alichora juu kile alichokijua chini.

Mwaka 1922 wanafalaki wa mataifa mbalimbali walikubaliana juu ya makundi 88, ili mtu wa nchi moja atajapo fungu la nyota, mwenzake wa nchi nyingine amfahamu. Mapatano hayo ni mema. Walakini mapatano si hukumu: hayakuamua kuwa twiga ni uongo na msalaba ni kweli.

Haina maana kuwa kila lisemwalo juu ya nyota ni sawa. Mkulima atazamaye Kilimia kisha akashika jembe ameifanya nyota kuwa alama. Mtu aachaye jembe kwa kuwa nyota yake ni mbaya ameifanya nyota kuwa bwana. Naye ashikiliaye kuwa picha ya kwao peke yake ndiyo iliyoandikwa mbinguni amefanana naye. Uongo hauanzi katika kubuni. Huanza katika kusahau kuwa tumebuni.

Elimu ya leo yatuambia kuwa nyota za Kilimia zilizaliwa katika wingu moja la gesi na vumbi, yapata miaka milioni 100 iliyopita, na hata sasa zasafiri pamoja. Ni ndugu kweli. Waliozifanya mabinti wa baba mmoja, na wazee wetu waliozipa zote jina moja, hawakuwa na darubini. Lakini walikuwa wametazama vema.

Mzee yule amekwisha kufa. Alijua nyota nyingine nyingi, na majina ya kwetu ya nyota hizo sikumwuliza, kwa sababu ya ile haya. Makundi 88 naweza kuyajifunza hata kesho, maana yameandikwa. Aliyoyajua yeye hayakuandikwa popote.