KAGUENI UPINDE KABLA YA KULAUMU MSHALE

Somo: Zaburi 127:3-5, Hosea 7:16



Zaburi ya 127 inafananisha watoto na mishale mkononi mwa shujaa. Tunaipenda, tunaisoma kila mtoto anapowekwa wakfu. Lakini mshale haujirushi. Hosea anaifananisha Israeli na upinde usioaminika: mtu analenga huku, mshale unakwenda kule.

Waliokulia karibu na pori wanajua jambo hili. Mshale ukienda upande, mwindaji mwenye akili anavuta kamba polepole na kutazama jinsi upinde unavyojikunja juu na chini. Kama upande mmoja ni mgumu na mwingine ni mlegevu, mshale utatoka ukitikisa mkia. Dawa yake ni kuukwangua ule upande mgumu kwa kisu, kidogo kidogo, huku akijaribu tena na tena, maana mti uliokwisha kukwanguliwa haurudi. Upande mlegevu hauongezwi kitu. Baba na mama, mnanisikia? Katika nyumba nyingi anayeambiwa abadilike ni yule ambaye tayari ni laini.

Kisha anaangalia kamba. Ikilegea na kuukaribia mti sana, inampiga mwenyewe mkononi. Anaisokota ifupike kidogo, basi.

Sasa niseme wazi. Ziko nyumba ambamo mtoto anafundishwa usiku kabla ya mahojiano: “Ukiulizwa, sema yule ni dada yako wa tumbo moja. Sema una miaka 15.” Asubuhi anasema hivyo hivyo. Jioni anadanganya juu ya faranga 500 za sukari, anapigwa. Kwa kosa gani? Amekwenda kule alikoelekezwa! Najua njaa inasukuma, na miaka ya kungoja naijua, hata mimi nangoja. Lakini katika nchi tutakayopelekwa, kama tutapelekwa, mtoto huyo ndiye tutakayeishi naye.

Sisemi mshale hauna kasoro. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, kule Tanzania, hunyoosha mti wa mshale kwa meno yao, lakini kwanza huupasha kwenye moto. Ukiupinda ukiwa baridi, unavunjika. Sisi kijana akichelewa kurudi kutoka Buyenzi au Bwiza, tunaanza kumnyoosha pale pale mlangoni, kwa makelele, hata majirani wanatoka. Mpe chakula kwanza. Mwache akae. Muulize alikuwa na nani, na umsikilize mpaka amalize. Kisha nyoosha, wala usiogope kunyoosha.

Jumatano, baada ya maombi, wazazi wote wabaki. Baba aje pia, si mama peke yake. Tutasoma 2 Wafalme 13, pale Elisha, akiwa mgonjwa, alipoweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme Yoashi kabla mshale haujatoka dirishani.