Mtoto Amelala, Nani Anakesha?



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tulijifunza maana ya tawakkul darasani, tukaiandika kwenye mtihani, tukaendelea na somo lingine. Lakini somo hili hupimwa zaidi saa nane usiku, katika chumba kimoja cha kupanga, pale mzazi kijana anapoweka kiganja chake karibu na pua ya mtoto wa wiki tatu ili ajue kama anapumua.

Hapa Gikondo, katika nyumba zinazozunguka kampasi yetu, wapo wenzetu waliofunga ndoa na kuanza kulea kabla ya kumaliza shahada. Dada mmoja miongoni mwao alieleza kwamba tangu ajifungue hapati usingizi. Anaamka kila mara kumwangalia mtoto. Jibu alilopewa na watu wa karibu lilikuwa fupi: hofu hiyo ni upungufu wa tawakkul, amsomee mtoto Ayatul Kursiyy kisha alale. Waliomjibu walimtakia heri. Hata hivyo jibu lao lilimwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Sasa anamhofia mtoto, na pia anaihofia imani yake mwenyewe. Basi tuulize: je, hofu ya mzazi usiku ni dalili ya imani dhaifu?

Tuanze na Qur'ani. Katika Suratul Qasas tunasoma habari za mama yake Nabii Musa (a.s.). Mama huyu alipewa ahadi ambayo hakuna mzazi kati yetu aliyepewa: Allah mwenyewe alimfahamisha kwamba mtoto atarudishwa kwake, na kwamba atakuwa miongoni mwa Mitume. Pamoja na ahadi hiyo, alipomwachia maji mwanawe, moyo wake ulikuwa mtupu, akakaribia kuidhihirisha siri yake, lau Allah asingeutia nguvu moyo wake. Kisha akafanya nini? Akamtuma dada yake Musa amfuate kwa mbali na kumtazama. Qur'ani haikumlaumu kwa moyo ule wala kwa kumtuma binti. Bali binti yule aliyetumwa kuangalia ndiye aliyekuwa sababu ya mtoto kurudi kunyonya kwa mama yake. Nabii Yaqub (a.s.) naye alisema wazi kwamba anachelea mbwa mwitu asimle Yusuf. Mitume na wazazi wa Mitume waliwahofia watoto wao. Kwa hiyo anayemwambia mama kwamba hofu yake peke yake ni kasoro ya imani, amesema jambo ambalo Kitabu hakikulisema.

Likishafahamika hilo, linakuja swali gumu zaidi. Hofu ikija, inatudai tufanye nini, na inatudai mpaka wapi?

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana maneno yenye faida katika Ihya, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakkul. Anazigawa sababu katika mafungu matatu. Kuna sababu za yakini, ambazo kuziacha ni ujinga hata mtu akiuita tawakkul, kama mwenye njaa kukataa kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake. Kuna sababu za dhana yenye nguvu, ambazo kwa kawaida huleta matokeo, na kuzitumia hakupingani na tawakkul. Na kuna sababu za kudhaniwa tu, za wasiwasi, ambazo kuzing'ang'ania ndiko kunakomwondoa mtu katika tawakkul. Akizungumzia kujikinga na madhara, anataja kulala: kulala penye wanyama wakali, kulala katika mkondo wa mafuriko, au kulala chini ya ukuta ulioinama. Haya, anasema, yamekatazwa, na hayana uhusiano na tawakkul.

Sisi wa Gikondo tunaufahamu mfano huo bila kuelezwa. Kitongoji chetu kina mteremko juu na bonde la kinamasi chini. Mvua za masika zinaposhuka, kila mwenye nyumba ya kuegemea mlima husikiliza maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 katika mikoa ya magharibi na kaskazini mwa nchi yetu, na wengi walikutwa wamelala. Mzazi anayesikia ukuta ukilia usiku wa mvua na akamtoa mtoto ndani, huyo amefanya fiqhi, hata kama hajawahi kufungua ukurasa mmoja wa Ihya.

Tutumie mafungu hayo matatu juu ya kitanda cha mtoto. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani ili kuwatia joto mama na mtoto, mlango na dirisha vikafungwa, ni hatari ya yakini. Mkaa unaoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Hapa hakuna nafasi ya kusema "Mungu atatulinda." Jiko litoke nje.

Katika fungu la pili ingia chandarua, maana tunaishi karibu na kinamasi na malaria tunaijua. Ingia pia namna ya kumlaza mtoto. Kwa miongo kadhaa madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliwashauri wazazi kuwalaza watoto kifudifudi. Utafiti ulipoonyesha kwamba mlalo huo unahusiana na vifo vya ghafla usingizini, ushauri ukageuzwa. Uingereza ilianza kampeni mwishoni mwa mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, ya kuwalaza watoto chali, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa nusu au zaidi. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso, na asivutiwe sigara chumbani. Haya yanagharimu kidogo sana, na faida yake imethibiti.

Fungu la tatu ni lile la kuamka kila baada ya dakika kumi wakati yote yaliyotajwa yamekwisha kufanywa, la kutazama simu usiku kucha ukitafuta habari za watoto waliokufa, la kufunga hirizi mkononi mwa mtoto. Hapa hofu haimlindi mtoto tena. Inamchosha mlinzi wake tu.

Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuhusu usiku yanakubaliana na mpangilio huu. Katika Hadithi za Bukhari na Muslim aliagiza taa zizimwe, vyombo vifunikwe, milango ifungwe, na watoto wazuiwe kutoka jua linapozama. Sababu mojawapo aliyoitaja ni ya kawaida kabisa: panya anaweza kuuburuta utambi na kuiunguza nyumba na watu wake. Ilipoungua nyumba Madina usiku na watu wakiwa ndani, aliwafahamisha Masahaba kwamba moto ni adui, wauzime wanapolala. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Dawud, alimwonya anayelala juu ya dari isiyo na kizuizi kwamba dhamana imemwondokea. Na huyo huyo aliyeagiza taa izimwe ndiye aliyekuwa akiwasomea Hasan na Husein dua ya kinga, akieleza kwamba Ibrahim (a.s.) aliwasomea Ismail na Is-haka. Dua na tahadhari zilikaa katika mkono mmoja.

Ukiangalia vizuri, maagizo yote haya ni ya kabla ya kulala. Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Kalamu, kwa mujibu wa Hadithi mashuhuri, imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Lakini wanavyuoni wa Kihanafi walijadili suala zito: mtu akigeuka usingizini akamlalia mwingine akafa, ana hukumu gani? Waliliweka katika fungu linalofuatana na kuua kwa kukosea. Hakuna kisasi, na hana dhambi ya kukusudia, ila kuna dia na kafara. Kwa nini kafara ikiwa kalamu imeinuliwa? Walieleza kwamba kilichobaki ni upungufu wa tahadhari. Sijalitaja suala hili ili kumtisha mama anayemnyonyesha mtoto kitandani. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha mpaka. Wajibu wa mzazi unakaa katika saa ile ya kupanga kitanda, kuzima moto na kutazama ukuta. Ukishatimizwa, usiku unaobaki ni wa Yule ambaye Ayatul Kursiyy inamtaja kuwa hashikwi na kusinzia wala usingizi. Kulala baada ya hapo ni haki ya mwili wa mzazi, na ni namna ya kukiri kwamba yeye si Mola wa mtoto wake.

Mtu atauliza: na ikiwa yote yamefanywa, na bado mtoto akafa? Hutokea. Mtume (s.a.w.) alimzika mwanawe Ibrahim kabla hajatimiza miaka miwili, akalia, na Abdurrahman bin Auf alipoyastaajabia machozi yale, alimfahamisha kwamba ni rehema. Wale wazazi waliowalaza watoto kifudifudi kwa ushauri wa madaktari wa zama zao walifanya kadiri ya elimu iliyokuwapo, na Allah haikalifishi nafsi ila uwezo wake. Tawakkul haikuahidi kwamba mtoto ataamka. Inatuambia kwamba hesabu yetu itafanywa juu ya kilichokuwa mikononi mwetu.

Lakini je, kilicho mikononi mwa mama mmoja ni kiasi gani? Hapa ndipo sisi wengine tunapoingia. Wanahistoria wanasimulia kwamba msafara ulitua Madina, na Umar bin al-Khattab (r.a.) akaulinda usiku pamoja na Abdurrahman bin Auf. Akasikia mtoto akilia, akamwendea mama na kumwambia amche Allah na amtendee wema mwanawe. Mtoto akalia tena, Umar akarudi na maneno yale yale. Mara ya mwisho akamwambia kwamba yeye ni mama mbaya. Mama, asiyejua anazungumza na nani, akajibu kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyeacha ziwa. Umar aliswalisha alfajiri huku kilio kikiwazuia watu kuusikia vizuri usomaji wake. Kisha akatangaza kwamba kila mtoto anayezaliwa atapewa posho.

Tazameni, ndugu zangu: alimhubiria mama ucha Mungu, kumbe sababu ya kilio ilikuwa katika utaratibu wake mwenyewe. Nasi tunapomwambia dada yetu "ongeza tawakkul", tujiulize kwanza. Mumewe ameshika zamu ya usiku hata moja? Kuna aliyepanda kutazama ukuta wa chumba chao kabla ya mvua, au aliyetumia siku ya umuganda kuchimba mfereji nyuma ya nyumba? Kuna aliyewapelekea chandarua, au blanketi jepesi ili jiko lisiingizwe ndani? Na ikiwa hofu imemkaa wiki nyingi, hali wala halali hata mtoto akiwa salama mikononi mwa mwingine, hiyo yaweza kuwa maradhi yanayowapata wanawake baada ya kujifungua. Yana tiba, na wa kwanza kuambiwa ni mhudumu wa afya wa mtaani au kituo cha afya.

Jumuiya yetu ina kamati ya futari, kamati ya daawa na kamati ya michezo. Wenzetu waliojifungua muhula huu wanajulikana kwa majina na vyumba vyao. Ratiba ya watu wawili wawili kuwatembelea baada ya Swala ya Isha, mmoja abebe mtoto na mwingine atazame jiko, ukuta na chandarua, haihitaji bajeti. Baada ya hapo tukimwambia mama asome Ayatul Kursiyy na alale, neno letu litakuwa na uzito.

Allah awalinde watoto wetu, awape wazazi wao usingizi wenye utulivu, na asitufanye sisi kuwa sababu ya kilio chao. Amin.

Wabillahi tawfiq.