Mtafiti wa Vyombo vya Elimu ni Mtumishi wa Nani?

Kazi za elimu ni nyingi, lakini vijana wengi wanaotoka shule ya sekondari huzijua mbili tu: kusoma na kufundisha. Iko ya tatu isiyotajwa sana, nayo ni kuchungua jinsi mtu anavyojifunza kwa msaada wa vyombo, kama vile ubao, redio, filamu, kompyuta na kishikwambi. Anayeishika kazi hii huitwa mtafiti wa teknolojia ya elimu. Yeye si mwuzaji wa vyombo, wala si lazima awe fundi wa kuviunda. Kazi yake ni kuuliza kama chombo kinafundisha, kinamfundisha nani, kwa gharama gani, na kama kitu cha bei ndogo kisingefanya vivyo hivyo. Ni kazi ya heshima. Walakini ina mtego ndani yake, na kijana anayeitamani yafaa auone mtego huo kabla hajaingia.

Njia yenyewe ni ndefu lakini haina siri. Mtu husomea shahada ya ualimu, kisha uzamili, kisha uzamifu, katika chuo kikuu kinachofundisha somo hili, kama vile Kenyatta au Moi. Huandika tasnifu na kuitetea mbele ya wasahihishaji. Hapa Kenya hapana budi apate kwanza kibali cha tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mimi ningeongeza sharti moja ambalo sijaliona katika kanuni za vyuo: afundishe kwanza miaka michache. Asiyepata kusimama mbele ya wanafunzi hamsini saa nane za mchana, tumbo limeshiba na jua linawaka juu ya mabati, hajui swali lenyewe ni lipi. Wapo wanaosema kwamba mwalimu anayeliacha darasa kwenda kuandika tasnifu amewatoroka watoto. Mimi sioni hivyo. Mchimba kisima hayupo jikoni, na maji ya jikoni ni yake.

Tangu zamani kila chombo kipya huingia shuleni kwa vigelegele. Mwaka 1913 Thomas Edison wa Marekani, mtu aliyevumbua mengi, alitabiri kwamba vitabu vitakoma shuleni karibuni, na filamu itafundisha kila tawi la elimu. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na vitabu vingali mezani. Katika miaka ya 1920 Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Ohio State aliunda mashine ya kuuliza maswali na kusahihisha majibu. Mwaka 1954 B. F. Skinner wa Harvard alionyesha yake, iliyomwacha kila mwanafunzi aende kwa mwendo wake mwenyewe. Hawa hawakuwa wajinga wala walaghai. Walipenda watoto wajifunze vema. Baadaye zikaja televisheni na kompyuta, na tangu mwisho wa mwaka 2022 zimevuma mashine zinazojibu kwa lugha ya binadamu. Mgeni hubadilika, vigelegele ni vile vile.

Mwaka 1983 mtaalamu mmoja, Richard Clark, aliwamwagia maji baridi wenziwe. Alichunguza tafiti nyingi zilizolinganisha chombo na chombo, akasema kwamba chombo hakiongezi elimu, kama vile lori linaloleta vyakula dukani halibadili afya ya mlaji. Kinachofundisha ni mpango wa somo. Robert Kozma alimjibu mwaka 1991 kwamba vyombo vina nguvu zao, na kwamba viko vinavyomwezesha mwanafunzi kutenda asiloweza kwa vingine. Ubishi huo haujamalizika. Mimi huegemea kwa Clark, ingawa si kwa mambo yote, kwa maana mwanafunzi asiyeona ambaye mashine humsomea kitabu kwa sauti hawezi kuambiwa kwamba chombo ni lori tu.

Sasa tutazame nyumbani. Mwaka 2013 Benjamin Piper na wenzake walifanya jaribio katika kaunti ya Kisumu. Shule za msingi ziligawanywa kwa kura. Katika kundi la kwanza vishikwambi walipewa wasimamizi wanaozunguka shule kwa shule kuwatazama na kuwashauri walimu. Katika kundi la pili walipewa walimu. Katika kundi la tatu watoto wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Pamoja na vyombo hivyo yalikuwapo mafunzo ya walimu na vitabu vya karatasi. Kundi la nne liliachwa kama lilivyo, ili liwe la kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Makundi matatu yaliyosaidiwa yalisonga mbele katika kusoma, na tofauti baina yao haikuwa kubwa kiasi cha kusema kwamba moja limeyashinda mengine. Lakini gharama zilitofautiana mno. Kifaa kimoja mkononi mwa msimamizi kiliwagusa watoto wa shule nyingi. Kifaa kimoja mkononi mwa mtoto kilimgusa mtoto mmoja.

Jibu hili halipendezi katika picha ya gazeti. Mtoto mwenye kishikwambi hupendeza. Mtu mzima aliyekaa nyuma ya darasa akiandika jinsi mwalimu anavyofundisha hana mvuto wo wote. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulipoanza kwa nchi nzima, vishikwambi walipewa wasimamizi hao, na watoto wakapewa vitabu, kila mmoja chake. Mwaka 2016 mpango mwingine wa serikali, ulioahidiwa tangu uchaguzi wa 2013, ulianza kupeleka vifaa kwa ajili ya watoto wenyewe, navyo vikapita milioni moja. Sisemi kwamba huu wa pili ulikuwa upotovu, maana ulikusudia pia kuwazoeza watoto vyombo vya zama zao, na hilo ni jambo jingine lisilopimwa kwa kusoma peke yake. Nasema kwamba mtafiti hakuwa na mamlaka ya kuchagua baina ya mipango hiyo. Alikuwa na wajibu wa kusema alichokiona, basi.

Hapa ndipo swali la haki linapoingia. Mzazi aliye katika kundi la nne aweza kuuliza: kwa nini mwanangu aliachwa? Mtafiti humjibu kwamba hakuna aliyejua kama chombo kinafaa, kwa hiyo mtoto hakunyimwa kheri iliyojulikana. Humwambia pia kwamba vifaa vilikuwa vichache, na kura ni ya haki kuliko kujuana. Majibu haya ni mazuri, nami nayakubali kwa kipimo chake. Kama ingekuwa ni chakula cha mchana, au mwalimu katika darasa lisilo na mwalimu, kura isingekuwa halali kamwe, kwa sababu faida yake haina shaka.

Lakini mtazame mtafiti huyo mwezi mmoja kabla, alipokuwa akiomba fedha. Aliwaandikia wafadhili kwamba chombo chake kitainua elimu ya maelfu ya watoto. Huku alisema najua. Kule kwa mzazi anasema sijui. Hawezi kuwa mkweli pande zote mbili. Huu ndio mtego nilioutaja. Mtu haingii ndani yake kwa nia mbaya, bali kwa tumaini lake mwenyewe, na kwa haja ya kupanda cheo, maana mhadhiri hupimwa kwa fedha anazoleta na kwa makala anazochapisha, na makala isemayo chombo kimefaulu husomwa kwa furaha kuliko isemayo hakikufaulu. Aliyeahidi mno hujikuta akitafuta ushahidi wa ahadi yake badala ya ukweli. Dawa ni chungu nayo ni moja: amwandikie mfadhili maneno yale yale atakayomwambia mzazi. Fedha nyingine zitampita.

Kwamba yawezekana kusema ukweli usiopendwa, tumeonyeshwa na Peru. Nchi hiyo ilinunua kompyuta ndogo kwa maelfu ya watoto, na mwaka 2012 wachunguzi wa Benki ya Maendeleo ya Amerika walitoa taarifa ya shule 319 za vijijini. Baada ya miezi 15 hivi watoto walikuwa wamezoea kompyuta, lakini alama zao za hesabu na za lugha hazikupanda. Fedha zilikwisha kutumika na hotuba zilikwisha kutolewa. Wangaliweza kuinyamazia taarifa hiyo, nao hawakuinyamazia.

Kuna deni jingine, nalo huwaelemea watafiti wa leo kuliko wa zamani. Chombo cha siku hizi huandika kila kitu: mtoto alibonyeza wapi, alikosea mara ngapi, alichukua muda gani kufikiri. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data yataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijatumiwa. Mimi naona mtoto mwenyewe naye aulizwe, hata kama ana miaka minane. Akisema hataki, aachwe aende kucheza, wala asifuatwe kwa peremende.

Tena majibu ya utafiti huchapishwa katika majarida ya Kiingereza kigumu, na mengi yao hayasomeki bila malipo. Mwalimu mkuu aliyefungua lango la shule yake hayapati, wala mzazi aliyetia sahihi. Si kazi kubwa kuandika karatasi mbili kwa Kiswahili chepesi na kurudi nazo mahali zilipotoka habari. Wengi hawarudi, na nadhani sababu si nauli. Mtafiti anayerudi akaomba kikao na wazazi chini ya mti ataulizwa mambo ambayo wasahihishaji wa tasnifu hawakumwuliza: vifaa vilivyoharibika vitatengenezwa na nani, kwa nini mtoto wa fulani hakusonga mbele ilhali wenziwe walisonga, na kama yeye mwenyewe angependa mwanawe awekwe katika kundi lipi.