Chombo Kidogo, Dhamana Kubwa



Nyinyi wa pwani mmezoea kumwona samaki ndani ya dema au ndani ya chungu. Huku nilipo, Matai, juu ya uwanda wa Ufipa, samaki hutupandia kutoka Ziwa Tanganyika, nao aghalabu ni dagaa na migebuka. Lakini leo sisemi juu ya samaki wa kuliwa, bali samaki wa kutazamwa, afugwaye katika chombo kidogo cha kioo juu ya meza. Wengi huliona jambo hili kuwa mchezo wa watoto. Mimi pia niliona hivyo, mpaka mjukuu wangu aliponiuliza suali lililoninyima usingizi.

Mwezi wa Juni mwaka jana tuliteremka Kasanga, na mvuvi mmoja akampa mtoto samaki wadogo wawili wenye mistari, wasiozidi urefu wa kidole. Tukawatia katika chupa ya lita tatu, tukapanda nao hadi nyumbani, chupa ikawekwa dirishani. Siku mbili nyumba nzima ilifurahi, na majirani wakaja kutazama. Mtoto akawa anawatupia chembe za ugali asubuhi, adhuhuri na jioni, nami nikamsifu kwa ukarimu wake. Siku ya nne, baada ya usiku wa baridi kali, tuliwakuta wanaelea. Mtoto akaniuliza: "Babu, tumewaua sisi?"

Nikamjibu kwamba ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Ndugu zangu, kudra ni haki, na kuiamini ni katika nguzo za imani. Lakini mimi siku ile sikuitaja kudra kwa imani. Niliitaja kwa kukimbia lawama.

Tutazame kwanza sheria. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), ndugu yake mdogo, Abu Umayr, alikuwa na kidege cha kuchezea, na kilipokufa Mtume (S.A.W.) alimfanyia mtoto yule mzaha wa upole kwa kumwuliza habari zake. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, alitunga kijitabu akatoa faida zipatazo 60 katika hadithi hiyo moja. Wanavyuoni wametoa humo ruhusa ya kufuga kiumbe kidogo kwa kuliwaza moyo, maadamu hakiteswi. Kwa upande wa pili, tumepokea habari ya mwanamke aliyestahiki Moto kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Basi kufunga si haramu kwa nafsi yake, ila anayefunga amejitwika riziki ya aliyefungwa, na uhai wake wote.

Uzuri wa chombo kidogo haukataliki. Hakitaki nafasi kubwa, na humkalisha mtu akatafakari. Kusini mwa ziwa letu yupo samaki mdogo sana, ambaye jike lake ni kama sentimita 3 tu, naye hukaa na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono. Watu wa Ulaya na Marekani humfuga majumbani kwa kumstaajabia. Nani atamwona akiingia katika kombe lake asiseme Subhaanallah?

Lakini hapa ndipo penye hatari, na niliijua baada ya kuuliza wanaojua. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachopita mita 1,400. Maji mengi kama hayo hayapoi kwa usiku mmoja. Chupa ya lita tatu katika dirisha la Matai hupoa kabla ya alfajiri. Maji ya ziwa yana asili ya magadi. Ukiyabadili ghafla kwa maji ya bomba, samaki hudhurika, na klorini ya bombani nayo ni sumu kwake. Tena, chakula kinachobaki na uchafu wa samaki huoza, hutoa amonia. Katika ziwa sumu hiyo hupotea. Katika chupa hujikusanya, na maji ya magadi huizidishia ukali. Haba na haba hujaza kibaba: ugali wa mjukuu wangu, ule niliousifu, ulikuwa sehemu ya mauti yao. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia ikapungua madhara, lakini huchukua wiki kadhaa kuenea katika chombo kipya. Sisi tulitia maji na samaki siku moja.

Kwa hivyo watu hudhani kuwa chombo kikiwa kidogo na kazi ni ndogo, ilhali mambo ni kinyume. Penye maji mengi kosa husamehewa. Penye maji machache hakuna msamaha. Na ndivyo zilivyo dhamana zetu zote. Mwenye mtoto mmoja yatima chumbani mwake asidhani kuwa amebeba machache kuliko mwenye kusimamia mji. Yule wa chumbani hana pengine pa kukimbilia ila kwako.

Utasema: hukujua. Ni kweli, na kutojua ni udhuru kwa aliyekosa wa kumwuliza. Mimi mvuvi alikuwa mbele yangu pale Kasanga, nisimwulize hata neno moja, kwa kuwa kitu chenyewe nilikiona kidogo.

Nilimwita mjukuu wangu nikamwambia: "Ndiyo, sisi ndio tuliowaua, na mimi zaidi yako." Alilia, kisha akaomba wengine. Sikumkataza. Nilimpatia tangi la lita 40 na mashine ya kuchujia maji, tukaliweka mbali na dirisha, na sharti langu likawa moja: atunze maji matupu kwa wiki sita, atie chembe ya chakula ili bakteria wapate kuenea, apime joto kila siku, na tusitie samaki mpaka tuwe na cha kuyapashia maji joto usiku. Hii ni wiki ya tatu. Majirani wanacheka kumwona mtoto akichunga maji yasiyo na samaki. Mimi sicheki. Naona anajifunza kuchunga kabla ya kumiliki, jambo ambalo babu yake amelijua na mvi kichwani.

Wabillahi tawfiq.